Mbishi na Amri za Mkato

Kila Jumamosi asubuhi Mbishi alifungua duka la kuchapisha la shangazi yake. Alifagia, akafuta vumbi kwenye kibodi na kupanga karatasi kwenye printa. Jina la Mbishi alipewa na shangazi huyohuyo, maana tangu utotoni msichana huyu hakukubali neno kabla ya kuonyeshwa.

Ubishi wake ulikuwa na faida. Kupanga picha ndogo za vitambulisho kwenye ukurasa mmoja kulihitaji amri ndefu, na shangazi alikuwa akiikosea kila mara. Mbishi alijifunza, akatengeneza amri za mkato. Ukiandika neno “picha” tu, kompyuta inafanya kazi yote. Ukiandika “safisha”, inaondoa picha za wateja wa jana. Shangazi alijisifia jambo hilo mtaa mzima.

Jumamosi hiyo mwalimu wa darasa la mtihani aliingia akihema, akampa shangazi flashi yenye picha za wanafunzi wake. Zilitakiwa kuchapishwa na kufika ofisi ya elimu kabla ya saa sita mchana. Atakayekosa picha hatapata kitambulisho cha mtihani.

“Ondoa shaka, Mwalimu. Hapa ni neno moja tu,” alisema shangazi, akaichomeka flashi na kuandika “picha”.

Kompyuta ikajibu: Amri haijulikani.

Akaandika tena. Jibu likawa lilelile. Shangazi akageuka, macho yamemtoka.

“Umefuta nini humu wewe?”

“Sijafuta kitu, shangazi.”

“Nani mwingine anachezea mambo haya? Sema samahani yaishe. La sivyo, kuanzia leo kazi yako ni ufagio. Kibodi hugusi tena!”

Mbishi alikipenda kile kiti cha mbele ya kompyuta kuliko kitu chochote dukani. Neno moja tu lingekiokoa. Lakini hakulisema.

“Samahani ya kosa nisilolifanya ni uongo, shangazi. Sisemi uongo. Niache nitafute.”

“Mwache atafute,” alisema mwalimu, akitazama saa ya ukutani. “Ila haraka, mwanangu.”

Mbishi akaketi. Kwanza aliandika ile amri ndefu yote, neno kwa neno. Printa ikanguruma, ukurasa wa kwanza wa picha ukatoka. Kumbe kompyuta ilikuwa nzima, ila kuiandika amri hiyo upya kwa kila ukurasa kungepitisha saa sita. Akajaribu “safisha”. Haijulikani. Akafungua faili alimohifadhi amri zake za mkato. Zilikuwemo zote, hata herufi moja haikupungua.

“Tazama, shangazi! Zipo! Aliyefuta yuko wapi?”

“Kama zipo, mbona hazifanyi kazi?”

Swali hilo lilikuwa zuri. Akaiuliza kompyuta ni programu gani inayopokea amri zinazoandikwa. Jina lililotokea hakulijua. Ile ya zamani ilikuwa imewekwa kando na mahali pake pamekaa mpya.

“Ni kama karani mpya wa mapokezi,” alieleza. “Maagizo niliyaacha kwenye droo ya karani wa zamani. Huyu mpya anasoma ya droo yake tu, na droo yake ni tupu. Nani amembadilisha?”

Shangazi akakohoa. Akatazama dirishani.

“Jana jioni,” alisema taratibu, “wakati wa kusasisha kompyuta, iliniuliza kitu. Maneno mengi. Nilikuwa nafunga duka, nikabonyeza Ndiyo.”

Mwalimu aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Mbishi hakutabasamu hata kidogo, hasira bado ilikuwa kifuani. Alinakili amri zake zote kwenye faili la programu mpya, akaandika “picha”. Amri haijulikani!

“Haya sasa, fundi,” alinong’ona shangazi.

Machozi yalimlengalenga Mbishi, lakini vidole havikuondoka kwenye kibodi. Akafikiri. Dirisha hili la kuandikia amri kwenye kioo cha kompyuta lilifunguliwa kabla hajaongeza maagizo, basi litayajuaje? Akalifunga, akafungua jingine. “Picha.” Printa ikaanza kutema kurasa, moja baada ya nyingine, na sura za wanafunzi zikalala mezani zimejipanga. Mwalimu alizikusanya, akashukuru, akatoka mbio kuelekea ofisini. Saa sita ilikuwa bado.

Shangazi akaja mbele ya kiti, akasimama.

“Mwanangu, nisamehe. Mimi nilikubali nisichokisoma, kisha nikakulaumu wewe bila kuuliza. Makosa mawili, yote yangu. Ungesema samahani ya kuniridhisha, ningeamini umefuta, na ubovu ungebaki palepale. Ukisingiziwa, usikubali uongo hata kama ni njia fupi. Lakini usiishie kukataa tu. Tafuta ukweli uuweke mezani, kama ulivyofanya leo.”

“Nimekusamehe,” alisema Mbishi. “Ila shangazi, ufagio je?”

Shangazi akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akauchukua ufagio pale mlangoni na kuanza kufagia vipande vya karatasi chini ya kiti cha Mbishi.