Mboni Nitamwacha Dar

Foleni ya sabuni ilianzia mlangoni pa duka la ushirika, Mtaa wa Msimbazi, ikapinda kona na kupotelea kwenye vibanda vya mchele. Mboni alikuwa ameshaukaribia mlango kiasi cha kuinusa ile sabuni. Alivaa gauni la krimplini la rangi ya machungwa na raizoni miguuni, nywele kasuka twende kilioni, na jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

"Pisheni! Pisheni jamani! Breki imekataa!"

Watu wa Kariakoo hawapishi kitu kwa kuambiwa tu. Walipogeuka waliona mkokoteni wenye magunia ya mkaa unateremka mbio, na kijana wa ovaroli anaburuzwa nyuma yake. Hapo kila mtu akajua miguu yake ilipo. Mboni akaruka, raizoni moja ikabaki barabarani, gurudumu likapita juu yake, na mkokoteni ukaenda kulala kwenye mfereji wa upande wa pili. Foleni ikajipanga upya upesi, kila mtu akiapa alikuwa wa mbele. Mboni akajikuta wa mwisho.

"Wewe kaka, una wazimu?"

"Nisamehe, dada yangu. Nilikuwa najaribu breki."

"Mkokoteni na breki! Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Basi imezaliwa asubuhi, imekufa mchana. Mungu aiweke pema."

Kijana akacheka, akamwokotea kiatu, akasimama naye mwisho wa foleni, wakaulizana majina, mpaka sabuni ikaisha kabla hawajafika mlangoni. Uzuri wenyewe ni kwamba hakuna kati yao aliyeona hasara.

Jumatatu yake Mboni alikuwa kazini, kwenye swichibodi ya simu ya makao makuu ya shirika moja la umma. Jina la shirika nalificha; wakubwa wake wengine bado wako hai na wanapenda kesi. Taa ikawaka.

"Naomba Ndugu Kasmir, ofisi ya miradi. Hapa karakana ya Gerezani, Kitwana."

"Kitwana wa breki?"

"Lahaula! Dada wa raizoni?"

Ndugu Kasmir alisubiri simu yake sana siku hiyo.

Shirika lile, msomaji, halikuwa na kazi ya kudumu. Lilikuwa na miradi. Mradi ulipewa mkuu wake na tarehe yake ya kufungwa. Ukifungwa, mafundi wanatawanywa mikoani na ujuzi wao unaondoka nao, anayekuja nyuma anaanza moja. Kila mradi ulizungumza na makao makuu, haukuzungumza na mwenzake. Juu ya yote ulikaa Mpango, na mwaka ule, vita vya Kagera vimekwisha na petroli ni ya kubahatisha, Mpango ulisema neno moja: vijijini. Kitwana aliajiriwa kwa mradi wa plau za ng'ombe. Ule mkokoteni aliutengeneza saa za chakula, kwa vyuma vilivyobaki, kwa sababu aliwaona vijana wa Kariakoo wanavyovunjika miguu mteremkoni. Haukuwa na mradi, kwa hiyo kwa wakubwa haukuwapo.

Mapenzi yao yakakua kwenye waya.

"Mpenzi, nipe laini."

"Ya wapi, Ndugu?"

"Ya kwako."

"Hiyo ina foleni."

"Foleni nimeshazoea mimi."

Mboni alicheka peke yake kwenye kile chumba kisicho na dirisha. Aliunganisha watu wa nchi nzima, na yeye mwenyewe hajavuka Kibaha. Jumapili jioni, magari yakiwa yamepigwa marufuku ili kubana petroli, walitembea katikati ya Barabara ya Uhuru, Kitwana na suruali yake ya bugaluu inayofagia lami, Mboni na doti ya kanga aliyomnunulia.

Mama yake, Bi Mwanamkuu wa Ilala, aliuliza swali moja tu. "Kazi yake?"

"Fundi, mama. Yuko kwenye mradi."

Bi Mwanamkuu akaweka mwiko chini. "Baba yako alikuwa wa mradi. Barabara. Ulipofungwa akaenda na mwingine, halafu mwingine, akawa mtu wa kuleta salamu, na salamu nazo zikakata. Mtu wa mradi, mwanangu, mapenzi yake yana tarehe ya kufungwa."

Neno hilo likamkaa Mboni kifuani. Ndiyo maana siku moja alipomuunganisha Kitwana na Ndugu Kasmir hakuweka chini vile vidude vya masikioni. Ni makosa, alijua. Akasikiliza.

"Nimefikiri, Ndugu Kasmir," Kitwana alikuwa anasema, sauti imechoka. "Mboni nitamwacha Dar. Nachingwea siwezi kwenda naye."

"Afadhali. Nilikwambia mapema, huyo hana mbele."

"Amenila nguvu zangu zote. Leo nimemrekebisha hivi, kesho anataka vingine. Basi, naenda na plau zangu."

Mboni akachomoa waya. Akakaa anatazama taa zinawaka, hakujibu hata moja. Alijisikia mjinga, mjinga kabisa, na mama yake alikuwa amemwonya.

Tangu hapo, kila Kitwana alipopiga, jibu likawa moja.

"Mboni, ni mimi."

"Laini mbovu, Ndugu."

"Mbona nakusikia vizuri?"

"Ubovu uko upande wa huku."

Akamfuata mpaka getini pa ofisi, Mboni akapita mlango wa nyuma. Mwishowe binti akachoka kukimbia. Akaikunja ile doti ya kanga, akaenda nayo Gerezani saa za mchana amtupie usoni, yaishe.

Alimkuta uani pa karakana, amepiga goti, anafungua nati za breki. Ubavuni mwa mkokoteni, kwa rangi nyekundu iliyopakwa kwa mkono, paliandikwa MBONI.

Kanga ikamwanguka.

"Huyu ndiye aliyekula nguvu zako zote?"

Kitwana akageuka. Akaelewa taratibu, kisha akashika kichwa. "Ulisikiliza!"

"Nimesikiliza, ndiyo! 'Mboni nitamwacha Dar.' 'Hana mbele.' Mngesema 'nitauacha', 'hauna mbele', ningejua mnasema chombo! Nani anauita mkokoteni 'yeye'?"

"Karakana nzima inamwita yeye, hata Kasmir. Nilimpa jina lako siku ile ya raizoni. Ningeanzaje kusema 'umekataa', 'umeharibika', na jina ni lako? Ulimi ulikuwa hautaki, Mboni. Nilitaka nikuletee mpaka mlangoni breki ikishika vizuri."

Mboni akakaa juu ya gurudumu, akacheka, na ndani ya kicheko machozi yakamtoka. Kitwana akamfuta kwa mkono wenye grisi, akamharibu uso wote.

"Ona ulivyonifanya, mwendawazimu wewe."

"Umependeza."

Lakini kicheko hakikufungua mlango wowote. Kitwana akasema yaliyobaki: mradi wa plau unahamia Nachingwea, miaka mitatu. Akikataa, hana kazi. Mkokoteni hauko kwenye Mpango, utavunjwa uwe vyuma chakavu. "Twende wote," akasema. "Nikuoe, twende."

"Mama nimwache na nani? Halafu baada ya Nachingwea?"

"Mradi mwingine. Sitakudanganya."

Mboni akatazama jina lake. Na hapo akakumbuka sauti. Wiki zote zile watu wa mradi wa korosho, huko huko Nachingwea, walikuwa wanalia kwenye simu: maghala yako barabarani, korosho ziko vijijini, malori hayana mafuta. Kitwana hakulijua hilo, na watu wa korosho hawakumjua Kitwana. Aliyewasikia wote ni yeye.

Angenyamaza, mkokoteni ungekufa, na huenda Kitwana angekata tamaa abaki mjini abebe magunia. Alilifikiria hilo, nisimsafishe bure.

"Usimpelekee Kasmir mkokoteni wa Kariakoo," akasema hatimaye. "Mpelekee chombo cha kusombea korosho. Ni vijijini hivyo. Mpango hauwezi kukataa."

Kitwana akamtazama. "Wakikubali, ndiyo nimefungwa kule kabisa."

"Najua. Funga hizo nati."

Wakakubali. Ndugu Kasmir hata alisimama mkutanoni akasema wazo hilo alikuwa nalo siku nyingi. Kitwana akapewa mradi mzima, uliokuwa wa plau na wa korosho ukawa mmoja, akapanda lori la kusini na mikokoteni nyuma. Mboni hakwenda kumuaga. Alisema ana zamu.

Akarudi kwenye kile chumba. Kazi ikawa ile ile: subiri, naunganisha, zungumza. Nyumbani hakula, au alikula akasahau alichokula. Usingizini alikuwa anasema "laini mbovu." Bi Mwanamkuu akavumilia, kisha ikamshinda.

"Amekuacha?"

"Hapana, mama. Anapiga. Simpokei."

"Kwa nini?"

"Wewe si ulisema? Mtu wa mradi."

Bi Mwanamkuu akakaa kitandani pembeni yake. Kwa muda alikuwa anakunja upindo wa kanga na kuukunjua.

"Mboni, baba yako alinitaka nimfuate. Alinitumia na nauli. Mimi niliogopa kuacha hii nyumba, niliogopa mahali nisipopajua. Nikasema ataacha mradi arudi. Hakurudi. Watu wakaniuliza, nikaona aibu kusema nimekataa, nikasema nimeachwa. Nimelisema mpaka nikaliamini."

"Mama!"

"Mradi haukunifunga. Nilijifunga."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Na wapangaji wangu na kelele zao. Nitalia, sikufichi. Nenda."

Wakalia wote wawili mpaka mpangaji wa chumba cha mbele akaja kuuliza kama kuna msiba.

Asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mboni akaomba laini ya kwake mwenyewe. Dar mpaka Lindi, Lindi mpaka Nachingwea. Waya ulikuwa unavuma utadhani kuna mvua ndani yake.

"Kitwana! Nakuja!"

"Nani? Nini? Sisikii!"

"NAKUJA!"

"Korosho zimefanya nini?"

Mlango wa chumba ukafunguka. Makarani wakachungulia, na nyuma yao Ndugu Kasmir na miwani yake. Mboni akawaona, akapandisha sauti. Hapo katikati ya waya ikaingia sauti ya tatu, ya mama mmoja opereta wa Lindi, aliyekuwa anasikiliza muda wote.

"Kaka, dada anasema anakuja!"

Ikaja sauti ya mbali, halafu yule mama tena, amechangamka kuliko wenye shughuli: "Dada, anauliza, unakuja kutembea au kukaa?"

"Kukaa! Mwambie kukaa!"

"Anasema kukaa, kaka! Mwanamume usilie bwana, laini ya serikali hii!"

Mboni akavua vile vidude, akampa karani wa karibu. Taa zilikuwa zinawaka ubao mzima, kila mtu anataka mtu wake. Akachukua mkoba, akatoka.