Ukucha wa Chui Chini ya Mafiga

Asubuhi habari ya Magloire ilipofika Ntoto, Joséphine-Marie alikuwa nje anatwanga sombe, mboga ya majani ya mihogo. Ilikuwa siku kama zingine. Ukungu juu ya kilima, mbuzi wa katekista ndani ya mihogo ya wengine, wamama kwenye chemchemi wakichota maji na siri za watu. Ndipo Agathe, jirani yake wa mulango kwa mulango, akatoka nyumbani mwake na telefone sikioni.

“Wamemuita! Magloire wangu wamemuita kwa ba Léopards!”

Muchi wa Joséphine-Marie ulibaki juu.

Ba Léopards, ni kusema ba Chui, njo ekipe ya taifa. Kongo ilikuwa inaanza mechi za kutafuta nafasi kwenye Kombe la Afrika, na kati ya wanaume wote wa inchi hii kubwa, walimuchagua mutoto aliyejifunza kupiga mupira wa majani ya ndizi nyuma ya jiko lake yeye Joséphine-Marie. Aliuvunja mulango wa jiko lile mara ngapi! Na aliyekuwa anamupitishia mupira, anamukwepa, anamuangusha, alikuwa Akilimali, mutoto wa Joséphine-Marie. Muulize muntu yeyote wa Ntoto nani alikuwa na muguu mutamu kati ya wawili wale. Atajikuna kichwa kwanza.

Lakini siku watu wa ekipe kubwa walipokuja Masisi kutazama vijana, Magloire alikwenda, Akilimali hakwenda. Mama yake alimuzuia. Bidoni za mafuta ya mawese zilikuwa zinangoja mugongo wake, na soko haikungoji, alimuambia, mupira utachezwa hata kesho. Yeye mwenyewe alisema hivyo, kwa kinywa chake. Hilo njo lilikuwa linamuwasha kuliko upupu.

Kwenye chemchemi walimupa Agathe jina jipya siku ileile.

“Mama Léopard, pita mbele! Weka bidoni yako hapa!”

“Aa, mie ningoje tu zamu yangu,” Agathe alisema, huku amekwisha kupita.

“Na Akilimali wako, Mama Akilimali? Naye wamemuita?”

“Wamemuita sana,” Joséphine-Marie alijibu. “Bidoni njo zimemuita.”

Wamama walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka anaonekana. Alirudi nyumbani na maji kichwani na mate machungu kinywani.

Sasa, baba yake marehemu alikuwa muwindaji. Huku kwetu muwindaji akiua chui, chui si wake. Anapelekwa kwa Mwami, mutawala wa inchi yetu, muzima muzima: ngozi, meno, kucha, hata sharubu. Kubakiza kitu cha chui ni kumuibia Mwami, na ni kumuibia chui pia. Muzee yule alibakiza ukucha mumoja. Aliuficha ndani ya kipande cha mwanzi, na alipokuwa anakufa alimupa binti yake, akamuambia neno moja: “Usimuonyeshe kitu. Ukimuonyesha, atakifuata.”

Hakusema *usiuonyeshe*. Alisema *usimuonyeshe*. Kama muntu.

Siku zile za kungoja safari, Magloire alitembea kijijini na viatu vyake vipya vya mupira, vyekundu, vyenye meno chini. Hapakuwa na vingine kama hivyo Ntoto nzima. Kila alipokanyaga tope, aliacha vishimo vya meno vimejipanga kama mahindi kwenye gunzi. Watu walimutazama usoni, wakamupiga mabega. Joséphine-Marie alitazama chini.

Asubuhi ya kuondoka, kijiji kizima kilimusindikiza kwa nyimbo. Yeye alifunga mulango, akasema kichwa kinamupasuka. Wivu ulimulaza kitandani uso kwa ukuta, asione chochote, na hiyo kutoona chochote ikumbukeni. Akilimali alikwenda kumubebea mwenzake sanduku mpaka Goma.

Nyimbo zilipozama ng’ambo ya muto, Joséphine-Marie alitoka. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha njia. Karibu na mugomba wa Agathe, peke yake, pasipo kukanyagwa na mwingine, palikuwa unyayo wa kushoto. Meno yote. Muzuri kama umechongwa.

Aliuchota kwa mikono miwili, na tope lake. Akauweka ndani ya jani pana. Akautoa ukucha katika mwanzi. Ulikuwa wa moto, kama umetoka kwenye kidole sasa hivi.

“Mwenye muguu huu,” alinong’ona. “Siku ya mechi.”

Akafunga jani, akalizika chini ya mafiga, akabandika maharage juu.

Mechi ya kwanza ilikuwa mchana. Watu walijaa katika nyumba ya video, ile ya mbao yenye televizyo inayopata moto kwa plaka ya jua. Joséphine-Marie, ambaye hajawahi kutazama mupira hata dakika, alikaa mbele kabisa. Agathe alikuwa amejifunga kitenge kipya chenye picha za chui.

“Leo hata Mama Akilimali amekuja!” Agathe alisema. “Unajua goli iko wapi, dada?”

“Nitaijua nikiona muntu ameanguka.”

Mechi imekwisha kuanza ndipo Akilimali alipoingia, anatoka safari, tope mpaka magotini. Alijibana kando ya mama yake. Wote macho kwenye televizyo. Magloire alikuwa anakimbia. Joséphine-Marie alitazama muguu wake wa kushoto tu. Sasa ataanguka. Sasa. Magloire akapata mupira. Akamupita mumoja. Sasa! Akamupita wa pili, akapiga.

Nyumba nzima iliruka. Mabenchi yalianguka. Mabati yalilia.

Muntu mumoja tu hakuruka. Akilimali alikuwa ameinama, ameshika muguu wake.

“Mama,” alisema polepole. “Kiko kitu ndani ya kiatu.”

Walimutoa nje. Kiatu kilikuwa kizima. Soksi ilikuwa nzima. Lakini kwenye kifundo cha muguu wa kushoto palikuwa mistari mine, myembamba, imenyooka, inatoa damu. Joséphine-Marie hakutazama damu. Alikuwa anatazama kiatu. Chekundu. Chenye meno.

“Hivi umevitoa wapi?”

“Magloire alinipa, siku tuliondoka. Nikavivaa palepale, mbele ya mugomba wao.” Akilimali alijaribu kutabasamu. “Yeye alikwenda na bote za mvua. Mama Agathe njo alimuambia anipe.”

Ndani, walikuwa wanaimba jina la Magloire.

Joséphine-Marie alichimba chini ya mafiga kwa kucha zake mwenyewe, majivu bado ya moto. Jani lilikuwepo. Fundo lilikuwa vile alivyolifunga. Ndani, tope lilikauka, limeshika umbo la unyayo, meno yote.

Ukucha haukuwamo.

Viatu alivitupa mutoni, akavitazama mpaka maji yakavibeba. Kesho yake asubuhi alivikuta nyuma ya mulango wake. Vimekauka.

Mechi ya pili ilichezwa mbali, kwa watu weupe wa jangwani. Joséphine-Marie alimufungia Akilimali ndani, miguu imezungushiwa blanketi, rozari juu yake. Hata hivyo kelele ya nyumba ya video inafika popote Ntoto. Goli lilipolia, blanketi likalowa. Mistari mine. Safari hii juu ya goti.

Ilikuwa inapanda.

Mechi ya tatu, paja.

Katikati ya kilima anakaa muzee Athanase, aliyewinda pamoja na baba wa Joséphine-Marie. Muzee yule hapendi watu na watu hawamupendi. Hakufungua mulango. Alimusikiliza kupitia nyufa za udongo.

“Ulimuonyesha?”

“Ndiyo, Papa.”

“Ulimuonyesha nini?”

“Muguu.”

“Wa nani?”

“Nilizani wa mwingine.”

Ndani, mukeka ulikwaruza. Kisha sauti ikaja chini kabisa ya ukuta, kama muzee amelala chini.

“Harudi na tumbo tupu, yule. Atabeba uliyemuonyesha, ao atabeba weye uliyemutuma. Vaa viatu vile. Panda kwa Mwami. Sema mbele ya bantu ulificha kitu cha nani, na ulimutakia nani. Pengine Mwami atamuita arudi.”

“Mbele ya bantu wote?”

“Wote.”

“Hata Agathe?”

Muzee alicheka, kicheko kikavu. “Mutoto wako anakatwakatwa, na weye unaniuliza Agathe.”

Angeweza kwenda siku ileile. Paja la Akilimali lilikuwa limevimba, homa haishuki, dawa za dispensari zinapita kama maji. Lakini alipofika kwenye njia panda alimuona Agathe amekaa mbele ya nyumba yake, anachambua maharage, kitenge cha chui kiunoni. Miguu ilimupeleka huko yenyewe.

“Weye njo ulimuambia Magloire atoe viatu.”

Agathe hakuinua uso.

“Nilikuona wiki ile,” alisema. “Bantu wote walikuwa wanamutazama mutoto wangu usoni. Weye ulikuwa unatazama miguu.”

“Akilimali alinyonya ziwa lako, Agathe. Siku zile niliugua.”

“Alinyonya.” Agathe alitupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo. “Na Magloire alikula kwenye sahani yako. Ulikumbuka hiyo ulipokuwa unachota unyayo? Shimo lake nililiona kwenye mugomba.”

“Ulijua kitamupata Akilimali.”

“Nilijua hakitamupata wangu.”

Agathe alitikisa ungo. Kisha akasema, taratibu, kama muntu anayesifu mvua: “Bado mechi moja, dada. Tukishinda, tumeingia kwenye Kombe. Uje kutazama.”

Siku ya mechi ya mwisho, kijiji kilibaki kitupu saa tisa za mchana. Jua lilikuwa kali. Hata mbwa walikuwa kwenye nyumba ya video. Akilimali alikuwa kitandani, karibu na dirisha. Mama yake alifungua shati lake, akatazama kifua, ngozi bado nzima, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Kisha akakaa chini, akavaa viatu vyekundu.

Vilikuwa vikubwa kwake. Alivuta kamba ya kushoto. Kiatu kikamubana chenyewe.

“Mama, unaenda wapi?”

“Kwa Mwami.”

“Na viatu vyangu?”

“Lala.”

Akilimali alijikokota mpaka dirishani. Alimuona anatembea, polepole, anavuta muguu wa kushoto. Alimuona anafika kwenye njia panda. Mukono wa kushoto ni njia inayopanda kwa Mwami. Mukono wa kuume ni mugomba, kisha mulango wa Agathe. Mama yake alisimama pale. Alisimama sana. Alitazama juu. Alipiga hatua moja kuelekea kilimani, ndiyo, moja aliipiga.

Ndipo nyumba ya video ikalipuka. Goli. Jina la Magloire. Kisha jina lingine, kwa sauti ya wamama wote: “Mama Léopard! Mama Léopard!”

Joséphine-Marie aligeuka.

Alikwenda kuume.

Akilimali anasema mama yake alipopita nyuma ya mugomba alikuwa anatembea wima. Upande wa pili wa mugomba, kilichotoka hakikuwa wima. Hapo yeye alifunga macho. Na alipoyafungua, homa ilikuwa imekwisha, kama maji yamemwagwa.

Watu walimurudisha Agathe nyumbani kwa nyimbo, wamemubeba juu. Wa mbele waliacha kuimba. Kisha wa katikati. Walimushusha.

Viatu vilikuwa mbele ya mulango wake. Vimefungwa kamba vizuri, vidole vimeelekea ndani. Vimejaa udongo mweusi mpaka shingoni, udongo wa msitu, usio wa kwetu hapa. Kutoka njia panda mpaka mugomba palikuwa na nyayo za miguu miwili, zenye meno. Kutoka mugomba mpaka mulango palikuwa na muguu wa kushoto peke yake. Na meno ya kiatu yalikuwa yameisha. Mbele ya kila unyayo palikuwa alama ine za kucha.

Za kurudi hazikuwepo.

Walitafuta mutoni, walitafuta msituni, walifika mpaka karibu na machimbo ya Bisie. Joséphine-Marie hajaonekana mpaka leo. Akilimali anachechemea, analima maharage upande wa Masisi, na ukimutajia mupira anaondoka. Magloire hatumi tena picha, kwa maana mama yake hazifungui.

Jina la Mama Léopard hakuna anayelitamka tena. Kila Kongo inapoanza mechi za kutafuta Kombe, Agathe anafagia kiwanja chake, anaingia ndani, anafunga. Anakaa kitandani, anasikiliza nyumba ya video. Goli likilia, anangoja kelele ipoe, kisha anafungua. Katika udongo uliofagiwa panakuwa unyayo mumoja. Wa kushoto. Mara ya kwanza ulikuwa chini ya mugomba. Halafu kando ya jiko. Mechi zile zilizopita, ulikuwa kwenye kizingiti.

Sasa zinaanza tena. Amekwisha kununua kufuli ya pili, na fundi amemuwekea komeo la chuma. Juzi asubuhi, mulango bado umefungwa kwa ndani, Agathe alikuwa anafagia kando ya kitanda chake. Fagio likakwama. Aliinama kutazama. Udongo wa sakafu ulikuwa umetoboka vishimo vidogo, vimejipanga kama mahindi kwenye gunzi, unyayo wa kushoto, vidole vimeelekea kwenye muto wake wa kulalia.