Kadi ya Jirani wa Kisima

ALHAMISI, SAA TISA ALASIRI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la cherehani la Lwaboshi, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Mlango umefungwa. Huko mbele cherehani mbili zilinguruma ili maneno yasitoke. Lwaboshi alichora mezani kwa chaki ya fundi: barabara, nyumba, mlango wa nyuma.

“Area 47, Lilongwe mjini. Biro ndogo. Jumamosi banafunga saa sita. Mlinzi anaenda kula nsima, anarudi saa saba na nusu. Kufuli anafungua, mi naingia naye. Abé anabaki kwa volani. Dakika kumi.”

Kufuli alikuwa Nibigira, Mrundi mwembamba aliyejifunza vitasa katika gereji moja ya mji wa Ngozi kabla vita havijamfukuza. Abé alikuwa Lucien, mtu wa Bukavu, aliyeacha seminari na bado akiongea taratibu kama anayeungamisha. Lwaboshi mwenyewe aliwataka wamwite Patron. Kazini hakuna jina la nyumbani. Anayekamatwa asiwe na la kutaja.

“Tunachukua nini?” Nibigira aliuliza.

“Sanduku ya kadi. Ya chuma, ndani ya droo.”

“Kadi za nini?”

Lwaboshi alifuta chaki vidoleni. Alieleza kwa dharau. Mule ofisini mna kompyuta iliyofungwa kwenye waya wa simu. Wakimbizi wanapeleka maandishi yao, yanachapwa, yanaruka hadi Nairobi, Brussels, Montreal. Watu wasiojuana sura wanajibizana humo kama majirani barazani. Na wote wanajiita majina ya uongo. Mjane wa Pili. Mwalimu Bila Chaki. Jina la kweli liko kwenye kadi tu, ili majibu yakirudi yamfikie mwenyewe.

“Kuna bwana moja Mrundi kule Nsungwi,” alisema. “Anangojea viza. Mtu moja anayejiita Jirani wa Kisima anamuandika kila mwezi. Ati wakati wa mauaji kwao, huyu bwana njo alisimama kisimani akisoma liste ya bantu ba kuuawa. Bwana anataka tu kujua ni nani.”

“Akishajua?” aliuliza Lucien.

“Si kazi yetu. Mwenye ukweli hajifichi.”

Lucien alimtazama. “We unaitwa Patron sababu gani?”

Lwaboshi alifuta ramani kwa kiganja.

Kisima kila kilima kinacho, Nibigira alijiambia. Burundi ni vilima vitupu.

JUMAMOSI, SAA SABA KASORO ROBO MCHANA

Pikapu ilisimama kando ya ua wa maua mekundu. Walivaa ovaroli za mafundi wa simu. Mlinzi alikuwa ameshaondoka; kiti chake kitupu kilikuwa juani. Nibigira alipiga magoti mbele ya mlango wa nyuma. Waya mmoja, waya wa pili. Kitasa kilikubali.

SAA SABA KASORO DAKIKA KUMI

Ndani palinuka karatasi na kahawa. Lwaboshi alikimbilia dirishani kuchungulia barabara. Nibigira alifungua droo, akatoa sanduku, akavunja kikufuli chake kwa koleo.

“Angalia kama ni yenyewe,” Lwaboshi alisema bila kugeuka.

Kadi zilipangwa kwa majina ya bandia. Vidole vyake vilienda vyenyewe kwenye herufi J.

Mwandiko aliujua kabla hajasoma neno. Herufi za mviringo, zilizolala kidogo kushoto. Mwandiko huo ndio uliomfundisha kusoma, kwa kijiti mchangani, mama yao akiwa shambani. Jirani wa Kisima. Chini yake: Irangabiye, Dzaleka.

Dada yake. Aliyemwambia kwa miaka mitatu kwamba siku ile hakuona kitu, kwamba alijificha migombani mpaka mwisho.

Angeweza kuchukua sanduku zima akakimbia. Baadaye, njiani, aliwaza hivyo mara nyingi. Lakini wakati ule aliona kadi moja tu duniani. Aliikunja, akaitia mdomoni, akatafuna.

Lwaboshi aligeuka.

“Unakula nini?”

Nibigira alimeza. Karatasi ngumu ilimkwaruza koo.

Lwaboshi alikuja polepole. Akaangalia sanduku, pengo kwenye J, halafu uso wa mwenzake. Wamekula maharage nyumba moja mara ngapi? Irangabiye ndiye aliyempakulia.

“Mtu hale karatasi ya mgeni,” alisema. “Njo dada yako.”

“Patron, tafadhali.”

“Asante. Sina haja tena na kadi.”

Lakini sanduku alilivuta kwake vilevile; majina mengine nayo yangepata mnunuzi. Nibigira alilishika. Kisu kilitoka ndani ya ovaroli ya Lwaboshi, kikapita kiganjani mwa Nibigira hadi mfupani. Aliachia. Alimpiga Lwaboshi kwa kiti, akaruka dirishani na vioo vyake.

SAA SABA KAMILI

Lucien alimwona akija, mkono ukichuruzika damu hadi kiwiko. Injini ilikuwa inaunguruma.

“Twende, Lucien.”

Jina lake la kweli lilimshtua. Alitazama nyumba, akatazama damu. Kisha akafunga mlango wa pikapu kutoka ndani.

“Patron anajua mahali mama yangu analala,” alisema. “Kimbia, mdogo wangu.”

Nibigira alikimbia, akakata vichochoro vya mtaa wa Mtandire, mkono umefungwa kwa shati.

SAA KUMI KASORO ROBO

Matola, pikapu ya abiria, ilimshusha Dzaleka. Irangabiye alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Aliona mkono wake, akaweka ungo chini.

“Nani?”

“Lwaboshi. Anajua wewe njo Jirani wa Kisima.”

Irangabiye hakukana.

“Nani alimwambia?”

“Uso wangu. Tulikwenda kuiba kadi. Yako nimeila.”

“Na zingine?”

Nibigira alikaza shati mkononi.

“Nibigira. Na zingine?”

“Amebaki nazo.”

Irangabiye alisukuma ungo kando kwa mguu.

“Mjane wa Pili iko humo,” alisema. “Tumeandikiana mwaka mzima. Alinieleza vitu hajaeleza hata padri. Sikumuuliza jina, sababu jina lake njo lilikuwa ukuta wake. Leo sijue hata mlango gani nigonge nimwambie akimbie.”

“Dada, nisamehe. Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungejua. Ukijua, uso wako unajua.”

Alifunga kanga mbili na sahani moja. Akamfunga mkono vizuri kwa kitambaa safi, bila kumtazama machoni. Nyuma ya kambi, njia ya wakata kuni ilishuka bondeni hadi barabara nyingine.

“Huko unaenda utaitwa nani?” aliuliza Nibigira. “Nikutafute na jina gani?”

Irangabiye alijitwisha mzigo.

“Sitakuambia,” alisema.

Akaenda. Hakugeuka.

SAA KUMI NA MOJA KASORO ROBO

Nibigira alikuwa amekaa kizingitini, mlango umefungwa nyuma yake, ili watakaokuja wadhani Irangabiye yumo ndani na wapoteze muda. Gari jeupe lilipanda taratibu kati ya nyumba. Lwaboshi alishuka na uvimbe kwenye paji la uso. Baada yake alishuka bwana wa Nsungwi, shati limepigwa pasi, sauti ya upole kama ya mtu anayeulizia njia.

Walivunja mlango. Walikuta chumba kitupu. Lwaboshi alimkanyaga mkono uliofungwa mpaka kitambaa kikalowa.

“Ameenda wapi?”

“Sijue.”

Bwana alichuchumaa mbele yake.

“Kijana, kila mtu anaacha nyayo. Niambie tu anatumia jina gani.”

Nibigira alimtazama machoni.

“Sijue,” alisema. Na ilikuwa kweli, na waliona kuwa ni kweli, kwamba hana faida kwao tena, na Lwaboshi akatoa kisu.