Walibadili Herufi Moja, Wakanipokonya Shamba la Mama

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa huku milimani Uluguru. Darasa la saba ndiyo mwisho wangu, kwa hiyo wasomaji wenzangu, maneno yakipinda mnivumilie. Nina kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi karibu na vidole. Aliyeniingiza kwenye moto huo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anaitwa Perpetua. Namtaja! Kwani yeye alinifichia nini?

Jina langu la ubatizo ni Felista, lakini nyumbani hakuna aliyeliita. Niliitwa Mapepe. Natumwa maji, narudi na kuni. Naanza kufagia, nusu ya uwanja naacha ufagio, nimeona kitu kingine. Mwalimu alinichapa mpaka akachoka yeye. Akasema mwili wangu uko darasani lakini mwenyewe sijafika.

Nilidhani nikikua yataisha. Hayakuisha! Maharage yaliungua mpaka chungu kikapasuka. Mume wangu, Gervas, siku moja aliniambia jioni tukae tuzungumze mambo yetu. Mimi jioni hiyo nikaenda kuchuma kunde... nilisahau kabisa. Niliporudi alikuwa anafungasha nguo. Akasema amechoka kuoa upepo.

Nikarudi kwa mama. Mama peke yake ndiye alinijulia. Tukiwa shambani alikuwa analima tuta la pembeni yangu, hanisemi, hanisukumi, yupo tu. Akiwepo, tuta langu la karoti nalimaliza. Akiondoka kidogo tu, jembe utalikuta chini na mimi sipo. Kwa nini ilikuwa hivyo? Sikujua. Hata yeye nadhani hakujua.

Mama akafariki...

Kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Mjomba wetu Klemensi alitamka kwamba shamba la mama nitalishika mimi, binti mkubwa. Perpetua, aliyekuwa anaishi mjini Morogoro, akaangua kicheko mbele za watu. "Mapepe ashike shamba? Huyu hata ufunguo haumkai mkononi!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi!

Kumbe mwenzangu alikuwa hatanii.

Mashamba yetu yako kwenye mteremko mkali, na maji ya mfereji tunapeana zamu. Siku ya zamu yangu nilifungulia maji kwenye kabichi. Mara nikaona mbuzi wa watu kwenye maharage. Nikamfukuza, nikamrudisha kwa mwenyewe, huko nikakuta wanapukuchua mahindi, nikakaa kusaidia... Maji yalitiririka mchana kutwa! Yakakata matuta yangu, yakashuka yakazoa karoti za jirani. Kelele zikafika kwa Mjomba.

Siku chache baadaye Perpetua akapanda mlima na sura ya huruma. "Dada, hili si la kawaida. Twende ukaombewe." Mwenzenu nilikuwa nimechoka kujichukia. Nikamfuata.

Akanipeleka Mwembesongo, huko mjini, kwenye kibanda cha mabati cha mtu anayejiita Nabii Zefania. Akauliza nina tatizo gani. Perpetua akajibu bila kupepesa macho: "Ana mapepo."

Nikasema hapana, ni mapepe. Mapepe! Ndivyo walivyoniita tangu utoto.

Zefania akaruka juu. "Mnasikia? Pepo lenyewe linakataa jina lake!"

Niambieni, hapo ungejitetea vipi? Nikisema kweli, ni pepo limesema. Nikinyamaza, pepo limejificha. Wakaniinamisha juu ya jiko la mkaa, wakamwaga pilipili kavu kwenye moto, wakanifunika shuka. Nilikohoa, nikapiga kelele, pumzi ikakata. Nikaangukia jiko kwa mkono huu...

Aliyeniokoa ni Bi Mwajuma, mwanamke anayeuza vitumbua jirani na kile kibanda. Nilikuwa namuuzia mboga miaka yote. Aliingia na mwiko wake mkononi akiwatukana, akanitoa, akanipeleka hospitali, kisha akanipa kona ya chumba chake.

Na Perpetua? Hakuja hata kunitazama! Alipanda mlimani akauambia ukoo kwamba nabii amethibitisha nina mapepo. Watu wakaogopa. Nani atamwachia mwenye mapepo ardhi ya ukoo? Mjomba akampa yeye shamba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukata miti ya mama iliyokuwa inashikilia udongo, akauza mbao.

Mimi huku kidonda kilikuwa kinaoza. Naambiwa nirudi kusafishwa Jumatatu, naenda Alhamisi. Nesi akafoka, "Mama, huu mkono ni wako au wa jirani?" Nikalia. Nikamweleza kwamba sifanyi kusudi, kwamba nimekuwa hivi maisha yangu yote. Akaacha kufoka. Akaniambia niende kwenye kliniki ya afya ya akili.

Nilifika mlangoni nikageuka mbio! Nikionekana pale, si ndiyo nimempa Perpetua ushahidi? Nitalipata lini tena shamba? Bi Mwajuma akanicheka. "Mwenzangu, shamba si limeshakwenda? Sasa unalinda nini, hili karai langu?" Akanishika mkono mzima, tukarudi.

Daktari alikuwa binti mdogo, wa kumzaa. Akaniamkia shikamoo, akaniuliza maswali mengi. Akaniambia kuna tatizo la kukosa umakini na kutotulia. Mtu huanza nalo utotoni, na wengine tunazeeka nalo. Si pepo, si uvivu, si ukichaa. Lakini ili awe na uhakika alitaka kumsikia mtu aliyeniona nikiwa mtoto.

Mama yuko kaburini. Perpetua alizaliwa nyuma yangu, na ni yuleyule. Aliyebaki ni mmoja tu... Mjomba Klemensi, aliyeninyang'anya shamba!

Bi Mwajuma akampigia simu, akamsihi mpaka akakubali. Akaja na koti lake la kanisani, akakaa karibu na mlango. Nilijua anajiweka tayari kukimbia. Nikawaza: akipinga, nimekwisha.

"Shikamoo babu," daktari alisema. "Huyu mama utotoni alikuwaje?"

"Marahaba. Huyu? Hatulii. Unamtuma chumvi anakuletea kuku wa watu. Hana ubaya, ila hatulii. Tangu akiwa kimo hiki tunamwita Mapepe."

"Mnamwitaje?"

"Mapepe." Akanitazama mkono uliofungwa bendeji. Akarudia taratibu, kama anaonja chakula kilichochacha. "Mapepe... Sasa haya mapepo yametoka wapi?"

Jibu alilijua mwenyewe. Daktari akasema sasa ana uhakika, ni lile tatizo.

Akaitisha ukoo, akasema nifike asubuhi mapema, nikikosa shauri limekwisha. Ndugu zangu, mimi kufika mahali kwa wakati! Bi Mwajuma akapanda nami mlima, anahema, kandambili zimemkatikia. Njiani mguu wangu ulitaka kugeuka kila mara: kwa mbuzi aliyejifungua kamba, kwa mama aliyedondosha mzigo wa ndizi. Kila nikigeuka alinigusa bega akasema neno moja. "Shamba." Basi.

Tulipokaribia nikasikia sauti ya Perpetua: "Nendeni makwenu, huyo ameshaona kipepeo!"

Nikajitokeza.

Mjomba akamuuliza Perpetua mbele ya wote: tulipokuwa tunamlea dada yako, tulimwita nani? Akaulizwa tena. Akatazama chini. Mjomba akaueleza ukoo aliyoyasikia kwa daktari, shamba likarudi kwangu.

Lakini ni shamba gani, wasomaji? Mvua ilikuwa imeshazoa matuta ya juu, maana miti haikuwepo. Nusu sasa ni mawe. Nalima hicho kilichobaki. Simu nimeitega, inanililia kila saa ya kazi. Kliniki tunakutana watu wazima wenye tatizo hili, tunafundishana. Mmoja wao hupanda kulima tuta la pembeni yangu, kisha nami naenda kukaa naye kwenye cherehani yake. Daktari anasema wengi tunasaidika na mtu wa kuwa kando yetu. Nilimfikiria mama nikalia.

Gervas ameoa tena. Zefania bado yuko palepale, amepaka bati rangi mpya. Perpetua hanisalimii, na mimi sijamsamehe. Siwezi kuwadanganya.

Nawasihi, kama ni wewe, au mkeo, au mwanao mtu mzima asiyemaliza jambo, usikimbilie kwa akina Zefania, wala usinunue dawa za ubongo zinazotangazwa kwenye simu. Nenda hospitali, uliza kliniki ya afya ya akili, usiogope macho ya watu pale mlangoni. Na wewe ndugu unayemtazama, mwite mapepe ukitaka, mcheke ukitaka, ila kaa naye pembeni amalize tuta lake. Usimbadilishie herufi. Mimi ile moja imenila mkono na nusu ya shamba la mama yangu.