Aliyeizima Pampu ya Newala

Nozeli, kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya injini ya pampu, ilikuwa imeibwa, na Newala nzima ilikuwa haina maji.

Inspekta Msaidizi Arthur alichuchumaa mbele ya injini. Nati zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, taratibu, bila mkwaruzo. Pembeni palikuwa na debe la dizeli, limejaa. Mkanda mpya ulining'inia ukutani. Mwizi hakuvigusa.

"Huyu hakutaka kitu cha kuuza," Arthur alisema. "Alitaka injini isimame."

Bwana Reginald, Mwingereza aliyesimamia maji, alikunja uso. "Kwa faida gani? Nimewarudisha mafundi wote makwao mpaka nozeli nyingine ije kutoka Lindi."

"Kuna aliyeomba ruhusa hivi karibuni?"

"Fakihi, fundi wa zamu. Mkewe mgonjwa. Nikamwambia hapa hakuna ruhusa ya kuuguza. Akiondoka, asirudi."

Arthur akavaa kofia yake.

Karibu na Chilangala, kijijini kwa Fakihi, alipishana na wanawake wakipanda kutoka bondeni, mitungi kichwani, wakihema. Tangu bomba lifike mwaka 1954, walikuwa wameanza kuusahau mlima ule.

Alimkuta Fakihi akimnywesha mkewe, Stamili, uji kwa kijiko. Stamili alikuwa amepooza upande mmoja tangu ajifungue. Kwenye mkeka kando ya kitanda chake alilala mwanamke kijana, paja limefungwa kwa vijiti.

"Karibu, Afande." Fakihi hakushtuka.

"Zamu ya mwisho ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Na spana?"

"Yangu."

"Nozeli iko wapi?"

Fakihi aliweka bakuli chini. Akapapasa mvunguni mwa kitanda, akatoa kitambaa chenye mafuta.

"Sikutaka kuiuza."

"Najua. Kwa nini, basi?"

"Nikiondoka mimi, nafukuzwa. Pampu ikisimama, tunarudishwa wote, na kazi yangu naikuta. Mke wangu mgongo umechubuka kwa kulala, Afande. Huyu shemeji yangu Mwanne hawezi kumgeuza peke yake."

"Naye amepatwa na nini?"

Fakihi aliinamisha kichwa.

"Bomba lilipokauka, akashuka bondeni kuteka. Akateleza na mtungi. Mimi ndiye niliyemvunja. Ningeirudisha mwenyewe ile nozeli, lakini hawa ningewaacha na nani?"

Stamili aligeuza macho kwa shida. "Baba Lukmani, ni nani huyo?"

"Mtu wa kazini. Wananihitaji."

Arthur hakumsahihisha. Alisimama mlangoni, akamwacha amalize uji, amgeuze mkewe, amsogezee Mwanne kata ya maji. Pingu hakuzitoa.

Walipotoka, Arthur alikwenda nyumba ya jirani, apate japo mtu mmoja wa kuwaangalia wale wawili.

"Hodi!"

Kimya. Akaenda ya pili, akaenda ya tatu.

"Usijisumbue, Afande," Fakihi alisema. "Wote wamekwenda bondeni kuteka maji."