Majivu ya Bure

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sindano alifagia uani huku baba yake akipasua betri mbovu za magari. Baba alipiga nyundo, akamwaga maji makali mtaroni, akatoa vipande vya madini ya risasi na kuviyeyusha katika sufuria kuukuu. Moshi ulijikusanya chini ya bati na kukaa hapo. Uliacha ladha tamutamu mdomoni, na utamu huo Sindano hakuupenda hata kidogo.

Waliishi ng'ambo ya mtaro, pamoja na familia nyingine za waokota vyuma chakavu. Shuleni waliitwa "watoto wa jalala" na kuketishwa nyuma. Ndiyo maana wakaanzisha Baraza lao. Kila Jumamosi walikutana katika stoo ya madawati mabovu, bila mkubwa wa kuwaongoza. Mwenyekiti walimchagua wenyewe, na mtu mzima akiingia, hata awe nani, alikaa kimya mpaka apewe nafasi. Wazazi waliposikia hayo walicheka wakashika mbavu. Kicheko kiliwakauka siku Baraza lilipokwenda kwa mwalimu mkuu, na tangu hapo hakuna mtoto aliyeketishwa nyuma kwa sababu ya anakotoka. Mwaka huo mwenyekiti alikuwa Sindano, mwembamba kama jina lake, na ulimi wake nao haukuwa butu.

Baba yake alikuwa mtu wa mkono wazi. Majivu yaliyobaki kwenye jiko lake la risasi yalikuwa mazito, na yakichanganywa na udongo yalishika vizuri. Akawagawia majirani bure wasiribie sakafu zao. Nyumba zikapendeza. Zaidi ya hayo, sisimizi wote wakahama.

"Hata mdudu hapiti!" majirani wakasifu. "Mungu akuzidishie, fundi."

Lo! Laiti mmoja wao angejiuliza kwa nini mdudu hapiti.

Walianza kuku. Walilegea shingo, wakazunguka mahali pamoja, wakafa. Watu wakasema ni ugonjwa wa kuku tu, hupita. Kisha watoto wadogo wakaanza kulia tumbo. Vichochoro vilivyokuwa na kelele za michezo vikapoa, na wakubwa wengine wakafurahia utulivu. Kitinda, mdogo wake Sindano, mtoto wa miaka mitatu aliyeimba kutwa mpaka mama akamwomba apumzike, akawa anashinda amelala sakafuni. Nyimbo zikampotea moja moja. Siku moja alimkazia Sindano macho, midomo ikamcheza, akashindwa kumwita "dada". Sindano aliingiwa na hofu.

"Mama, Kitinda ana nini?"

"Minyoo hiyo. Usimtabirie mwenzio mabaya."

Jumamosi hiyo, Baraza lilipokutana, Sindano aliwataka wenzake waeleze hali za nyumbani. Mmoja alisema mdogo wake anatapika. Mwingine akasema wa kwao amesahau kutembea, anatambaa upya. Mwisho akasimama mvulana waliyemwita Bwana Kuku, kwa jinsi alivyojisifia kuku wake.

"Kwetu wote wazima, kuku na watu," alisema. "Na kwetu ndiko pekee hatukupata majivu. Si mnajua mama yangu na mama yake mwenyekiti hawasalimiani?"

Watoto wakacheka. Sindano hakucheka. Alikuwa ameelewa. Majivu yalitoka kwao. Kazi ile ndiyo iliyowalisha. Tena, mtoto atasimamaje mbele ya watu amtaje baba yake?

"Tuendelee na ajenda nyingine," alisema, akiinamisha macho.

Kesho yake mchana, Kitinda alikakamaa. Macho yalimpinduka, povu likamtoka, mwili ukatikisika juu ya sakafu ile ngumu, nayo ilisiribwa kwa majivu yaleyale. "Degedege! Jamani, degedege!" mama alipiga yowe, akambeba na kukimbia naye zahanati bila hata viatu.

Sindano alibaki mlangoni. Kisha akakimbia nyumba kwa nyumba kuwaita wenzake.

"Jana nilijua, nikanyamaza," aliwaambia huku machozi yakimtoka. "Ni majivu ya kwetu. Twendeni."

Walibandua kipande cha sakafu, wakakifunga kwenye mfuko, wakaenda kundi zima hadi zahanati. Muuguzi alikuwa akimpangusa Kitinda kwa maji.

"Nyie nanyi mnataka nini? Nina mgonjwa wa homa hapa."

"Shikamoo, muuguzi. Huyo mgonjwa ni mdogo wangu," Sindano alisema. "Analala juu ya hii. Baba anayeyusha betri, na haya ni majivu yake."

Muuguzi akatazama mfuko. Uso ukambadilika.

"Wekeni chini. Polepole. Nani mwingine kwao wamesiribia hii?"

Mikono ikainuka. Ilikuwa mingi mno.

"Mungu wangu," muuguzi alinong'ona. "Nimekuwa nikitibu homa ambayo haipo. Hiyo ni sumu ya risasi. Nendeni mkanawe kwa sabuni, wote!"

Kitinda alipelekwa hospitali kubwa saa ileile. Jioni wazazi waliitwa kwenye stoo ya Baraza. Muuguzi alieleza jinsi sumu ile inavyoingia kwa vumbi, moshi na mikono michafu, na inavyowaumiza zaidi watoto wadogo. Minong'ono ikaanza. Ilitoka wapi? Sindano akasimama.

"Imetoka uani kwetu."

"We mtoto!" baba yake alifoka. "Unaniaibisha mbele ya watu?"

"Nisamehe, baba. Lakini Kitinda ameshindwa kuniita dada."

Baba aliketi chini. Alijifunika uso kwa mikono yake myeusi, akalia mbele ya majirani wote.

Wiki hiyo jiko la risasi lilizimwa. Wataalamu wa afya walikuja na vifaa vyao, wakabandua sakafu zote na kuyazika majivu mbali. Kila mtoto alipimwa damu, na waliozidiwa walipewa dawa. Baba alipata kibarua cha kukata vyuma, kazi ngumu zaidi na isiyo na moshi ule. Kitinda alirudi nyumbani amekonda, maneno yakimjia kwa kusuasua. Daktari alisema mengine huenda yakachelewa sana.

Jumamosi iliyofuata baba alikwenda kwenye Baraza mwenyewe. Alipopewa nafasi, alisimama.

"Wanangu, mimi sikukusudia ubaya. Niligawa sumu nikidhani nagawa wema. Kutojua hakukumwokoa mwanangu. Kilichomwokoa ni ninyi kuulizana, na mmoja wenu kusema kweli iliyomuuma." Akawageukia wazazi waliosimama mlangoni. "Nanyi wenzangu, mtoto akikwambia nyumba inaungua, usimuulize ana miaka mingapi. Toka nje kwanza."