Matone Chini ya Gari la Dada

Kama umetoka kula sasa hivi, weka hadithi hii kando mpaka chakula kishuke. Mimi kila nikiisimulia natafuta maji ya kusukutua, na gari lenyewe sijawahi hata kulisogelea.

Fundi anayehusika alikuwa na gereji ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta, na watu walimwita Ulimi. Usidhani ni kwa umbea. Fundi mwingine akiona gari linavuja huchovya kidole, akanusa, akasugua kati ya vidole viwili, akajua. Huyu alichovya kidole, kisha akakinyonya. Maji ya rejeta, alisema, yana utamu wa kijinga. Mafuta ya breki yanachoma. Oili iliyoungua ina uchungu unaokaa kwenye fizi mpaka jioni. Aliambiwa mara mia kwamba hivyo vitu ni sumu, akacheka, akatema pembeni, akafuta midomo kwa kiganja kilekile cheusi, na mteja aliyekuja na chai yake akaimwaga kimyakimya. Kinyaa kitupu. Lakini alikuwa hakosei, ndiyo maana simu yake haikunyamaza kutwa nzima. Fundi, gari linakunywa maji. Fundi, usukani unatetemeka nikikaza mwendo. Fundi, huu mlio wa kama panya ni wa nini? Aliwajibu wote akiwa amelala chali chini ya gari la mtu mwingine.

Basi dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke aliyemlea tangu walipofiwa na mama yao, alipotaka kununua gari lililotumika, alimwita yeye alikague. Ulimi alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili akakilamba, akaonja maji ya rejeta, akapiga matairi mateke mawili matatu.

"Chukua, dada," alisema. "Hili lina afya kuliko mimi."

Kulikuwa na jambo moja dogo tu. Muuzaji alikuwa ameshusha vioo vyote na kuacha milango yote minne wazi, na alipokabidhi funguo alijifuta mkono kwenye suruali, akaufuta tena, akaondoka bila kuaga. Ulimi aliona. Alidhani jamaa ana haraka zake.

Siku hiyohiyo, njiani kurudi nyumbani, binti wa dada, mtoto wa miaka sita, aling'oka jino la mbele lililokuwa likicheza wiki nzima. Lilimponyoka likaingia kwenye ufa wa kiti cha nyuma. Mama yake alisimamisha gari wakatafuta, wakainua mazulia, wakapitisha mikono kwenye kila upenyo, wasilione. Mjomba akacheka akambandika jina la Pengo, na jina likakaa.

Siku ya tatu dada alipiga simu. "Mdogo wangu, chini ya gari kuna maji."

"Upande gani?"

"Mbele, upande wa abiria."

"Hayo ni ya kiyoyozi, dada. Kila mtu huniuliza hilo. Kiyoyozi hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Usijali kabisa."

"Sijakiwasha tangu tununue."

"Basi aliyekuuzia alikiwasha," alisema Ulimi, na alikuwa ana haraka na gia boksi ya watu, akakata simu.

Wiki iliyofuata ilikuwa harufu. "Linanuka mdomo," dada alisema, kwa sauti ya chini, maana alikuwa ofisini na walimu wenzake.

"Gari linanukaje mdomo?"

"Kama mtu aliyelala na njaa, akaamka, akakuhemea usoni. Ndivyo linavyonuka."

Ulimi alimpa ushauri anaowapa wote: atoe mazulia ayaanike, aangalie kama kuna panya amefia ndani, aweke mkaa kwenye bakuli usiku kucha. Dada alifanya yote. Asubuhi alikuta mkaa umelowa, na bakuli lina utelezi ndani, akalitupa bakuli lenyewe.

Halafu Pengo akaacha kula. Sahani inaletwa, anaitazama, anasema ameshiba. Shule ikifungwa mchana, wakifika nyumbani hataki kushuka garini. Siku moja mama yake alirudi kumchukua, akamkuta amekaa kiti cha nyuma peke yake, vioo vimefungwa na jua limewaka, amechomeka mkanda wa kiti mdomoni anaunyonya taratibu kama mtoto mchanga. Alipombeba alihisi kisogo chake kimelowa. Nywele zilikuwa zimelala upande mmoja, zimeshikana kwa ute, kama za ndama aliyetoka kulambwa na mama yake. Dada alisimama pale juani amembeba mwanawe, mkono wake unateleza, akashindwa kuupeleka mkono huo popote.

Alilipeleka gari gereji saa ile ile. Pengo alikuwa nyuma, amepungua mpaka mashavu yameingia, siku ya nne hajatia kitu tumboni.

"Nisaidie," dada alimnong'oneza mdogo wake. "Wewe ndiye uliyeniambia ni zima."

 Ulimi alilala chini ya gari na tochi, mchana kweupe, wateja wawili wakibishana nje kuhusu betri. Tone lilianguka, likafuatwa na jingine. Hayakutoka kwenye bomba la kiyoyozi. Yalitoka kwenye mshono wa bati la sakafu, mahali ambapo hapapiti kitu chochote, na yalikuwa ya uvuguvugu na yenye uzi, yaani tone lilishuka likiwa bado limeshikamana na bati.

"Mtoe mtoto nione," alisema.

Dada akamtoa. Matone yakakoma.

"Mrudishe."

Akamrudisha. Bati likalowa upya, upesi zaidi, matone matatu kwa pamoja.

Hapo mtu mwenye akili angetambaa akatoka. Ulimi alifanya alichokifanya miaka kumi na tisa bila kufikiri, akachovya kidole, akakitia mdomoni, na ulimi wake ambao haukuwahi kukosea ukatafuta utamu wa rejeta ukaukosa, ukatafuta uchungu wa oili ukaukosa, ukakuta chumvi kidogo na joto na ule ute mzito wa kinywa kilichofungwa muda mrefu, kinywa kikubwa, chenye mabaki ya kitu kilichooza kati ya meno, na akajua kwamba juu ya uso wake hakukuwa na mvujo wowote bali mate ya kiumbe aliyekuwa akimtamani yule mtoto aliyeketi ndani yake.

Alitapika palepale, akiwa amelala chali, na sitasema zaidi.

Alipojiosha alikwenda kwenye droo ya dashibodi, akaing'oa, akavuta chujio la hewa lililo nyuma yake. Lilikuja kwa shida, linanyonya kurudi. Ndani yake kulikuwa na bonge la nywele laini za watoto, za rangi na urefu tofauti, zimesokotwa na ute, na katikati ya nywele meno madogo saba. Sita yalikuwa ya manjano. La saba lilikuwa jeupe, limelambwa mpaka linang'aa.

"Mjomba," Pengo alisema kutoka nyuma, kwa upole, "usimnyang'anye. Ana njaa."

Kulikuwa na mama mmoja aliyenunua magari yaliyokufa na kuyakata vipande, na mafundi wote walimwita Mama Vyuma. Alijulikana kwa jambo jingine pia, ambalo watu walilitaja kwa sauti ndogo: gari lenye kitu ndani alilijua kwa pua, na hakulikata kabla hajakitoa. Wakalivuta mpaka uwanjani kwake kwa kamba. Alilizunguka mara moja akiwa ameziba pua kwa ukingo wa kanga.

"Jini mlafi," alisema. "Huyu mchafu namjua. Huingia penye mdomo uliofunguliwa, akionjwa au akionja. Mtoto ameonjwa kupitia jino." Akawageukia wawili hao. "Kuna mwingine aliyeonja kitu chake? Semeni sasa. Nikimtoa humu atakimbilia kwa huyo. Kama yupo, naanza na yeye, siku saba, ndipo nije kwa mtoto."

Dada alimtazama mdogo wake. Hakuwa ameona alichofanya chini ya gari, alisikia kutapika tu.

Ulimi alimtazama Pengo. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala begani kwa mama yake na pumzi yake ilikuwa inanuka kama gari. Siku saba. Asingefika hata tatu.

"Hakuna," alisema Ulimi.

"Una hakika?"

"Hakuna, mama. Anza."

Mama Vyuma alimwaga chumvi ya mawe kuzunguka matairi, akachoma ubani ndani ya rimu kuukuu, akachukua spana kubwa na kuanza kuligonga boneti huku akilitukana matusi ambayo mwalimu wa shule hakuwahi kuyasikia yakipangwa vizuri namna ile. Gari halikuwa na funguo. Injini ilikohoa. Viti vilijikunja na kujikunjua, na matundu yote ya hewa kwenye dashibodi yakafunguka kwa pamoja yakaanza kutapika, kamba nene za mate ya kijivu zilizojaa nywele, zikamiminika juu ya viti na kupita chini ya milango na kuifikia chumvi zikichemka, harufu yake ikiwa kali kiasi kwamba dada aliuma kanga yake ili asipige kelele, na katikati ya yote hayo Pengo akainua kichwa, akajamba mara moja, akasema anataka kula.

Walicheka wakilia. Mama Vyuma hakucheka. Alikuwa anayatazama mate ya mwisho yakikauka ardhini, na alionekana kama mtu anayehesabu kitu kisichotimia. Gari lilikatwa jioni hiyo.

Siku ya tatu dada alikwenda gereji kutoa shukrani. Alibeba chakula kwenye hotipoti, akamleta Pengo aliyeanza kunawiri, mashavu yamerudi, jino jipya limechungulia. Ulimi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni ya shimo la kukagulia magari. Simu ilikuwa inaita pembeni yake na hakuipokea. Wateja walisema tangu juzi hataki kula, wala hataki mtu amsogelee, na kwamba amenuna tu.

"Msije karibu," alisema.

"Mdogo wangu, umekonda. Una nini?"

"Dada, mchukue mtoto. Nenda naye. Usimlete tena hapa." Alisema hivyo akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Lakini Pengo alikuwa amekwishakimbia, kama alivyokimbia siku zote, akapanda mapajani kwa mjomba wake na kukiegemeza kisogo chake kifuani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa asubuhi ile na zilinukia sabuni. Ulimi alifumba macho. Alikaza taya mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akageuza uso pembeni kwa nguvu zake zote, na bado kinywa chake kilijaa, kikajaa tena, mpaka uzi mrefu wa uvuguvugu ukapita kati ya vidole vyake na kushuka katikati ya mistari ya nywele za mtoto.

Pengo aligusa kichwa. Akakitazama kidole chake, kisha akamtazama mjomba wake bila woga wowote.

"Mjomba," aliuliza, "na wewe una njaa?"